Mwaka Tulioikataa Safari ya Bure

Tuliisikia kabla ya kuiona. Tulikuwa juu ya magunia ya viazi, chini ya turubai la lori la Mzee Salimini, mfanyabiashara wa Iringa aliyekubali kutuchukua, na kulikuwa hakujapambazuka sawasawa. Mvumo ule ulianza kama upepo unaopita kwenye mikaratusi ya kwetu Mbeya, ukaondoka, ukarudi, ukaondoka tena. Sekela, mdogo wangu, alisema mvua inakuja. Mama alisema ni gari, gari kubwa sana. "Lakini mbona halifiki?" aliuliza, na katika sauti yake kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekisikia kabla, maana mama hakuwa mtu wa kuogopa magari. Baba peke yake hakubahatisha. Alikuwa amekaa amelikumbatia sufuria letu kubwa lisigongegonge njiani, na uso wake sikuuona, ila nilimsikia akivuta pumzi ndefu, kama alivyokuwa akinusa mkate kujua kama umeiva. Kisha akasema, "Ndiyo yenyewe."

Juzi tulimzika mama. Matanga yalikuwa katika nyumba ileile ya mteremkoni, chini ya mlima Loleza, na mimi na Sekela, sote sasa bibi wa watu, tulikuwa tumejibanza jikoni tukiosha vyombo ingawa wajukuu walitukataza. Nikiwa nimeinamia beseni nikamsikia mwanamke mmoja uani akimwambia mwenzake, bila kujua kwamba tunasikia: "Hawa ndio wale waliokula bati la nyumba wakaenda kuogelea." Mwenzake akaguna. "Kuogelea wapi?" "Baharini, Pwani huko! Enzi za Mwingereza hizo, watu hatuna hata viatu." Sekela akanitazama, akidhani nitakasirika. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Maneno yale shangazi yetu ndiye aliyeyasema mara ya kwanza, kwa uchungu, tena ili yaumize. Lakini yamezeeka pamoja nasi, na kila yalipopita kwenye kinywa kipya yalipoteza sumu kidogo, hata sasa yamekuwa kama jina la ukoo. Wengine huachiwa mashamba. Wengine huachiwa ng'ombe. Sisi mama ametuachia kisa cha kula bati, na sikibadilishi kwa ng'ombe yeyote.

Mwaka ule baba alikuwa mpishi Uzunguni, katika nyumba ya bwana mmoja Mzungu, msimamizi wa barabara, na mkewe, ambaye sote tulimwita Memsabu. Nyumba yetu sisi ilikuwa ya vyumba viwili, kuta za udongo, na jiko la pembeni ambamo ndimo tulimoishi hasa, kwa sababu ya baridi. Paa la nyasi la nyumba lilikuwa limechoka. Usiku wa mvua mama alijua mahali pa kuweka kila bakuli bila kuwasha koroboi. Baba alikuwa Mnyakyusa, mama Mhehe aliyefundishwa kufuma na masista kule Tosamaganga, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake, nyumbani tulisema Kiswahili, kila mmoja akikikunja apendavyo. Jioni baba alirudi na harufu ya vitunguu na sabuni, akavua viatu, akanyoosha miguu kuelekea motoni, na sisi tukangoja habari. Habari nzuri kuliko zote zilikuwa za bahari. Kila mwaka bwana yule na mkewe waliteremka Pwani kupumzika, na baba alikwenda nao. Alituambia jinsi ilivyo kubwa, jinsi inavyobadilisha rangi jua likipanda, jinsi maji yanavyokimbia mbali mchana na kurudi jioni kama ng'ombe wanaojua zizi lao. Nilimwona baba kama mtu aliyefahamiana na bahari, aliyekwisha kupeana nayo mkono.

Jioni moja tukila makande, mama aliuliza swali ambalo sijui kwa nini hakuna aliyekuwa ameliuliza. "Na maji yake yakoje? Ya baridi kama ya mtoni kwetu?"

Baba alitafuna taratibu, akameza. "Sijui."

"Hujui vipi? Si unakwenda kila mwaka?"

"Nakwenda kupika, Mama Tusekile. Wakienda kuoga asubuhi, mimi naandaa chakula cha mchana. Wakilala, naosha vyombo. Wakirudi majini jioni, naoka mkate. Lakini dirisha la jiko linatazama kulekule. Naiona vizuri sana."

"Kupitia dirishani."

"Ni dirisha kubwa," baba alisema, kana kwamba dirisha ndilo lililoshutumiwa.

Mama aliuchukua mwiko. Alikwangua ukoko wa chungu, akampa Sekela, akakwangua tena mahali ambapo palikuwa hapana kitu. Nakumbuka mlio wa mwiko ule kuliko ninavyokumbuka sura yake. Mwishowe alisema, kwa sauti ya mtu anayepanga kwenda kuchota maji, "Basi utaingia."

Ndivyo mpango ulivyoanza. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba bwana wa barabara angekwenda kwao Ulaya kwa likizo ndefu, na kwamba bwana mwingine angekuja kukaa mahali pake. Kati ya kuondoka kwa mmoja na kufika kwa mwingine, baba angekuwa mtu huru kwa majuma kadhaa, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe. Mama aliliona pengo lile kama mtu anavyoona mlango uliosahaulika wazi. Fedha zilikuwapo kidogo, za kununulia bati la paa. Alikuwa akizikusanya tangu Sekela akiwa mgongoni, kwa kuuza sweta alizofuma na maua ya pareto tuliyochuma ukingoni mwa shamba. Senti zile za zamani zilikuwa na tundu katikati, na mama alizitunga kwenye uzi wa sufu kama shanga, akaufunga uzi kiunoni chini ya kanga. Alipotembea haraka tulimsikia, mlio mdogo mkavu, na mpaka leo nikisikia funguo zikigongana mfukoni mwa mtu nageuka nikitegemea kumwona yeye.

Shangazi Atupele, dada yake baba, alikuwa akikaa jirani, naye hakuhitaji kuitwa ili aje. Alipopata habari alikuja na mchi mkononi, hakuwa hata amemaliza kutwanga. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nikipepeta maharage.

"Wifi, umerogwa?"

"Sijarogwa."

"Bati linakaa mpaka wajukuu walikute. Bahari mtarudi nayo kwenye nini? Kwenye kibuyu?"

"Tutarudi nayo kichwani."

"Kichwani!" Shangazi alicheka kicheko kisicho na raha. "Mvua ikinyesha, wifi, kichwa hichohicho ndicho kitakacholowa. Unataka kaka yangu aitwe mtu aliyekula bati la nyumba akaenda kuogelea?"

"Wakimwita hivyo ataitika," mama alisema. "Kwa sasa anaitika akiitwa boi."

Shangazi aliondoka na mchi wake. Lakini hakuondoka na hasira yote, kwa maana kesho yake alituletea ndizi.

Fedha za bati peke yake zisingetufikisha baharini na kuturudisha, kwa hiyo mwaka ule tulijifunza kubana. Chai tulikunywa bila sukari, na mama alituambia tuinuse vizuri kwanza, kwani harufu nayo ni chakula. Koroboi ilizimwa mara tu tulipomaliza kula, na hadithi zikasimuliwa gizani, ambako ziligeuka kuwa nzuri zaidi. Mchele ambao mama alibadilishana na maharage kwa wanawake waliopanda kutoka bondeni Madibira uliwekwa kwenye mtungi, ukafungwa kwa kitambaa, na hata Krismasi haukufunguliwa. Sikukuu nzima watoto wa jirani walitupita na vidole vinavyong'aa mafuta ya wali, wakituimbia, "Makande! Makande ya Bwana Yesu!" Sekela alilia. Mama alimpangusa kamasi na kumwambia, "Waambie wali wenu uko safarini, umetangulia." Sekela alikwenda kuwaambia hivyohivyo, mikono kiunoni, na akapigwa. Lakini alirudi akitembea kama mtu mzima.

Nauli ilikuwa ndiyo mlima. Hapo mama alitumia vidole vyake. Mzee Salimini, ambaye babu zake walitoka Bagamoyo, alikuwa na duka Iringa na lori la kupeleka viazi na vitunguu Pwani, na baba alifahamiana naye kwa kununua kwake viungo vya jiko la Memsabu kila walipopita Iringa kwenda Pwani. Mama alimpelekea salamu kwamba angemfumia sweta yeye, mkewe, na kila mtoto wa nyumba ile, sufu juu yake mzee, kazi juu yake mama, na malipo yawe nafasi juu ya magunia, kwenda na kurudi. Msimu mzima wa mvua mama alifuma. Alifuma akitembea kwenda kisimani, alifuma akisubiri ugali uive, alifuma kanisani hadi padri alipomkazia macho. Sasa hivi, nikikaa kwenye kiti chenye mto na kulalamika juu ya mgongo wangu, naikumbuka mikono ile, na nanyamaza.

Kisha, miezi ya baridi ilipokaribia, baba alirudi jioni moja uso unang'aa. Shangazi alikuwapo, akiota moto. "Memsabu amesema twende wote," baba alisema kabla hajavua viatu. Wangekaa katika ile nyumba ya serikali ya pwani wakisubiri meli, na walimtaka yeye akawapikie mpaka siku ya kupanda. Mke na watoto walikuwa na ruhusa. Tungepanda gari la mizigo yao. Tungelala chumba cha boi, nyuma ya jiko. Chakula juu yao. "Hatutoi hata senti," baba alisema. "Na bati tunanunua."

Shangazi alipiga vigelegele. "Umeona, wifi? Bahari na bati!" Mimi na Sekela tuliruka tukashikana mikono, tukazunguka. Mama aliendelea kumenya kiazi. Ganda lilitoka refu, bila kukatika, likaning'inia mpaka chini.

"Na wewe utakuwa wapi tukiwa majini?" aliuliza.

"Jikoni. Lakini nyinyi mtaoga."

"Mimi nitaoga saa ngapi? Memsabu ataniacha nikae mchangani na nguo zina kazi ya kufuliwa? Na huyu Tusekile? Siku ya kwanza ataoga. Siku ya pili ataitwa amenye viazi."

"Mama Tusekile, ni bure."

"Bure, wifi!" Shangazi alidakia. "Neno hilo hulijui kwa Kihehe?"

Mama aliweka kisu chini. Hakupandisha sauti, hakuwahi kuipandisha. "Baba Tusekile, watoto hawa wamekunywa chai isiyo na sukari mwaka mzima ili baba yao aingie baharini. Sikuwanyima sukari ili twende kuongeza macho kwenye dirisha lile."

Kuni zililia motoni. Baba alitoka nje, akasimama akilitazama paa kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgonjwa anayeombewa dawa. Nilijua, hata kwa umri wangu, kwamba kitu kikubwa kuliko safari kilikuwa kinapimwa pale nje kwenye baridi. Akimkatalia Memsabu, kazi ya Uzunguni ingekuwa hatarini, maana bwana mpya angemchukua mpishi kwa barua ya yule wa zamani. Akikubali, angeendelea kuwa mtu wa dirishani, safari hii mbele ya watoto wake. Aliporudi ndani alisema tu, "Nitamwambia kesho."

Kesho yake nilikwenda naye, kwa sababu mama alikuwa akimuuzia Memsabu mayai na mimi ndiye niliyeyabeba. Jiko lile nililijua kwa harufu: majivu, siagi, kahawa. Memsabu aliingia akiwa amevaa gauni la maua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, na mtu hakuweza kukitumia kwa kitu kingine hata akitaka.

"Memsabu, nashukuru sana," baba alisema. "Lakini sitaweza kwenda."

"Kwa nini? Bibi gonjwa?"

"Hapana. Mimi na familia yangu tunakwenda likizo."

"Likizo?" Alilitamka neno kama mtu aliyekuta kijiko chake mfukoni mwa mgeni. "Likizo kwenda wapi?"

"Baharini."

Memsabu alimtazama, akanitazama mimi na mayai yangu, akamrudia. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anatafuta mahali kosa lilipo. "Lakini mimi napeleka wewe baharini. Bure."

"Ndiyo, Memsabu."

"Sasa?"

"Sasa nataka kwenda kuoga."

Memsabu aliligeukia birika lililokuwa likichemka. Kisha alisema kwamba kama baba haji, yeye hapana andika barua kwa bwana mpya. Alisema polepole, ili aeleweke. Baba alikunja taulo la vyombo, akalilaza ukingoni mwa meza, akalinyoosha kwa kiganja. "Sawa, Memsabu," alisema. "Chakula cha mchana leo ni saa ngapi?"

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile na nimewasikia wanaume wengi wakihutubia viwanjani. Sijasikia sentensi iliyosimama wima kama ile.

Tuliteremka Iringa kwa basi, tukalala kwa Mzee Salimini. Nyumba yake ilikuwa na ua wa ndani na harufu ya karafuu, na watoto wake wote walijipanga kutupokea wakiwa wamevaa sweta za mama, safu ya rangi moja ya kijivu kama askari. Mkewe alitupikia wali wa nazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula nazi, na mama, ambaye niliona macho yake yakifumba kwa utamu, alisema tu kwamba chumvi iko sawa. Mzee Salimini aliukagua mzigo wetu akitikisa kichwa. "Shemeji, mablanketi yote haya ya nini? Unakwenda Bagamoyo au unahamia Ulaya?"

"Usiku ni usiku popote, mzee."

"Usiku wa Bagamoyo, shemeji, hata ngozi yako utatamani kuivua."

Tulikuwa na mablanketi, mchele, maharage, magunia mawili ya viazi vyetu wenyewe, na sufuria. Chumvi hatukuwa nayo. Baba ndiye aliyeikataa wakati wa kufunga mzigo. "Acha," alimwambia mama, kwa mamlaka ya mpishi, "bahari yote ni chumvi. Tutachota na kupikia." Mama alifurahi sana kwa ubanaji ule. Aliusimulia kwa Shangazi kama ushahidi kwamba bahari si hasara tupu.

Dada yake Mzee Salimini, Bi Mwanaisha, alitupa chumba Bagamoyo, kinachotazama ua. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na alituita "wageni wangu wa baridi." Bahari ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache tu kupita minazi, na ile asubuhi ya kwanza sote tulikwenda kuitazama tukiwa tumeshikana nguo. Baba alisimama mbali na maji. Alituonyesha hiki na kile, kama mwenyeji. Kisha alirudi ndani kupanga mizigo. Baadaye akasema ngoja jua lipungue. Halafu akamwuliza Bi Mwanaisha kama ana kuni za kupasua. Mama alikuwa akimtazama tu. Lakini nilipomwona baba akikunja mikono ya shati ili asaidie kuwasha moto, mama alimpokonya kiberiti. "Huku hutagusa sufuria," alimwambia. Baba akakaa kwenye kibao, mikono magotini, hajui aiweke wapi.

Mimi na Sekela ndio tuliochota maji. Tulijaza ndoo, tukaileta tukicheka, mama akayamimina juu ya maharage. Yalichemka yakatoa povu jeupe ambalo hatujawahi kuliona. Bi Mwanaisha alitoka chumbani akijitanda, akachungulia. "Umetia nini humu, mwanangu?"

"Maji."

"Maji ya wapi?"

Mama alionyesha kwa kidevu, nyuma ya minazi. Bi Mwanaisha alikaa chini kabisa, miguu mbele, akaweka mikono kichwani. "Loo! Jamani! Amepika bahari! Watu wa bara wamekuja kuipika bahari!" Aliwaita majirani, nao wakaja, na kicheko kilitoka ua mmoja kwenda mwingine. Mama alichota maharage kwenye kijiko, akaonja, akageuza uso akatema. Yalikuwa machungu, na magumu kama kokoto. Tuliwamwagia kuku, kuku walidonoa, wakafuta midomo yao mchangani, wakaenda zao.

Niliogopa kumtazama baba. Fikiria: mpishi wa miaka yote ile, aliyejua kwa kunusa tu kama mchuzi umepungukiwa. Alichukua kijiko mkononi mwa mama, akachota kile kilichobaki chini ya sufuria, akaweka ulimini. Watu wote walikuwa wanamtazama. "Chumvi imezidi," alisema, na ua mzima ukaanguka upya kwa kicheko. Lakini yeye hakucheka. Alikishika kijiko kile akakitazama. "Nimeitazama miaka yote hii," alisema taratibu, kama mtu anayezungumza na kijiko, "na sikujua hata ilivyo kali."

Akainuka. Alipita katikati ya majirani, akapita minazi, na sisi tukamfuata, mama mbele. Mchangani alivua viatu, mama akavipokea. Alivua shati lake jeupe, lile la kazi, hakuwa na jingine zuri. Akalikunja kwa pembe nne kama kitambaa cha mezani, akampa. Mgongo wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Aliingia bila kusimama, magoti, mapaja, kiuno, na wimbi la kwanza kubwa likamwangusha. Sekela alipiga kelele. Baba alipotea, kisha kichwa chake kikatokea, kikitema, kikicheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia nyumbani kwetu, cha mvulana, cha mtu asiyehofia kumwamsha mtu yeyote.

Mama alisimama ukingoni, viatu mkono mmoja, shati mkono mwingine. "Haya sasa," alipaza sauti, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupaza sauti, "niambie! Maji yakoje?"

"Vuguvugu!" baba alijibu. "Kama chai iliyosahaulika mezani!"

"Na chumvi?"

"Imezidi!"

Mama aliweka viatu chini, akaweka shati juu ya viatu, akaikaza kanga yake, akaingia. Uzi wa senti ulikuwa umebaki chumbani. Kwa mara ya kwanza mwaka ule mama alitembea bila mlio. Nilikaa mchangani kidogo kabla ya kuwafuata, kwa sababu nilitaka kuiangalia mikono ya baba. Ilikuwa imenyooshwa juu ya maji, mitupu. Haikubeba sinia, haikushika kisu, haikukunja kitu. Ilielea tu. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, na nikitaka kujua heshima inafananaje, naiona mikono ile.

Siku zilizobaki tulikula vizuri. Viazi vyetu vilikuwa adimu pale, na mama alivibadilisha kwa samaki na nazi. Blanketi moja alimwachia Bi Mwanaisha, aliyeapa kwamba yeye peke yake Bagamoyo nzima huhisi baridi. Baba hakugusa sufuria hata mara moja. Tulirudi weusi, ngozi zinawasha kwa chumvi, na mvua zilipoanza paa lilivuja kama Shangazi alivyoahidi. Tulilala katikati ya mabakuli. Tone liliponiangukia usoni nililalamika, na mama alisema gizani, "Onja. Lina chumvi?" "Halina," nilisema. "Basi shukuru." Bati lilikuja baadaye sana, kutokana na mkate, kwani baba alifungua hoteli ndogo ya chai karibu na soko, na watu walitoka hata Uzunguni kuja kununua mikate yake, wakasimama mstari nje kama watu wengine.

Lakini kabla ya hoteli alilazimika kwenda kuchukua vitu vyake. Nilikwenda naye tena, safari hii bila mayai. Bwana mpya alikuwa amelala mchana, na jikoni tulimkuta mpishi mpya, kijana wa Kilolo mwenye aproni inayompwaya. Alimwamkia baba shikamoo kwa aibu, kama mtu aliyekutwa kitandani mwa mwenziwe. Baba aliitikia kwa upole. Alichukua kisu chake na mwiko wake, akavifunga kwenye kitambaa. Kisha akamwonyesha kijana jiko. "Oveni hii inaunguza upande wa kulia. Mkate ugeuze kabla haujapata rangi." Kijana alishukuru. Baba alisita kidogo, akatazama dirisha, ambalo pale lilitazama mlima tu.

"Watakupeleka Pwani," alimwambia. "Kule dirisha la jiko ni kubwa, utaona kila kitu. Usiridhike nalo, mdogo wangu. Siku moja acha vyombo, utoke."

Mlango wa jiko lile ulikuwa mzito, na miaka yote baba aliufunga kwa kiganja, akiusindikiza mpaka mwisho, ili wenye nyumba wasishtuke. Nilitangulia nje. Yeye akatoka nyuma yangu na kitambaa chake kwapani, akauachia, na mlango ukajifunga kwa kishindo.